Mlango wa Shule Uko Wazi, wa Nyumba Umefungwa

Tangu Januari 2016 hakuna mzazi wa Masasi wala wa Newala anayedaiwa ada kwa mwanawe aliye katika shule ya serikali, tangu darasa la awali mpaka kidato cha nne. Na tangu 2022 hata vidato vya tano na sita. Wazee wanaokumbuka taabu za zamani husema jambo hili ni kubwa, nasi twasema vivyo hivyo. Lakini yuko mtoto mmoja ambaye kizuizi chake hakikuwa ada. Ni yule mwenye ulemavu wa akili, au mtindio wa ubongo, au usonji. Yule ambaye majirani, kwa ulimi usio na huruma, humwita zezeta.

Tumtazame mama yake. Uwanda wa Makonde hauna mito. Mvua huzama mchangani, na chemchemi ziko chini mabondeni. Tangu miaka ya 1950 mitambo imekuwa ikipandisha maji hadi Newala, lakini siku bomba likikauka mama hushika ndoo akaenda mbali. Mtoto asiyeweza kutembea, au atembeaye asijue aendako, aachwe na nani? Hufungiwa ndani. Wapitao husema anafichwa kwa aibu. Aibu ipo, hatukatai. Lakini pengine kilichopungua nyumbani ni mikono.

Sheria ya Elimu ya 1978 ilimlazimisha kila mzazi kumpeleka shule mtoto aliyetimiza miaka saba, na ile ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ikasema wazi kwamba haki hiyo ni ya mtoto huyu pia. Ni sheria njema. Hata hivyo dawati peke yake halimtoshi. Ahitaji mwalimu aliyejifunza kazi hiyo, na chuo cha Patandi kinachofundisha walimu hao kiko Arusha, upande mwingine kabisa wa nchi. Ahitaji mtu wa kumfikisha shuleni, kumlisha na kumpeleka chooni. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kuyafanya hayo yote, na kumlaumu ni kumwonea.

Ajabu ni kwamba watu wa huku waijua kazi hiyo tangu kale. Katika jando na unyago mwali huwekewa mlezi wake, wa kumwonya na kumrudia neno mpaka alishike. Hakuna aliyeiita elimu maalumu, na gharama zake hupatikana bila waraka wa Wizara! Mtoto anayechelewa kujifunza ahitaji hasa hayo: mtu mmoja, subira, na kurudia. Akijua kuvaa, kunawa, kuhesabu chenji na kuokota korosho, mama yake amepata mwenzi.

Uandikishaji wa darasa la kwanza huja mwishoni mwa mwaka, wakati uleule wa kuuza korosho. Balozi wa shina azijuaye nyumba zake zote anajua pia ni ipi yenye mtoto asiyetajwa. Na alipeleke jina hilo shuleni pamoja na mengine, ili halmashauri ikiomba walimu iombe kwa hesabu. Na wanachama wa chama cha msingi cha ushirika wakae wakubaliane ni shilingi ngapi kwa kilo zitamlipa mtu wa kumsindikiza mtoto huyo, na wakubaliane kabla fedha za msimu hazijagawanywa.