Ukisema nakala 50, ziwe 50

Wauzaji wa picha, mpo? Mwaka 1949 kijana Mwingereza, David Shepherd, alikuja Kenya kuomba kazi ya ulinzi wa wanyamapori. Akakataliwa! Akawa mpokea wageni hotelini Malindi, akachora ndege, akauza picha saba kwa pauni 10 kila moja, nauli ya kurudi kwao ikapatikana. Mwaka 1973 nakala za picha yake moja ya chui milia, zilizochapwa kwa idadi maalumu, ziliingiza zaidi ya pauni 100,000 za kuokoa wanyama hao.

Siri ni namba. Wewe wa Samuye ukichora tembo, chapa 50, andika chini kwa penseli 1/50, 2/50, weka sahihi. Zikiisha, zimeisha. Ukichapa ya 51, umewaibia wateja wote 50.