Fundi wa jua kali, traiga hii usiiguse

Hebu piga picha. Ni Jumamosi asubuhi, uko kwenye banda lako la jua kali mjini Machakos. Ushachomelea geti moja na kunyoosha rimu ya pikipiki ya jamaa wa boda. Mara anaingia mzee mnayetoka naye upande wa milima ya Iveti. Amebeba kitu kirefu kimefungwa kwa gunia. Anakifungua polepole: bunduki ndogo ya .22, ile ya kufukuzia nyani shambani.

"Kijana wangu, traiga imekuwa ngumu. Wewe si hutengeneza kila kitu? Ipige tupa kidogo tu."

Mzee unamheshimu na pesa unaihitaji. Kwenye simu kuna video kibao za Wamarekani wakifanya kazi hiyohiyo kwenye meza zao. Kwani kuna shida gani?

Shida iko, tena kubwa. Huko Marekani mtu kurekebisha bunduki yake mwenyewe nyumbani ni jambo la kawaida. Hapa Kenya kuna Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Anayetengeneza au kurekebisha bunduki kama biashara lazima awe amesajiliwa. Tena cheti cha kumiliki bunduki hutolewa kwa mtu, hakizunguki na bunduki kama logbuku ya gari. Mzee akikuachia mpaka Jumatatu, cheti chake hakikufuniki. Polisi wakiingia wataikuta kwenye banda lako, na hapo tunazungumzia kifungo cha miaka, si faini ya kuchangiwa na marafiki.

Weka sheria kando kidogo, tuangalie chuma chenyewe. Ndani ya bunduki kuna springi iliyokazwa, tayari kusukuma pini mbele. Kinachoizuia ni kijino kidogo cha chuma. Ukivuta traiga, kijino kinateleza, springi inaachilia, pini inagonga. Kwa risasi ya .22, unga wa kulipua umewekwa kwenye ukingo wa kitako, kwa hivyo pini hugonga ukingo, si katikati. Uzito unaousikia kidoleni unatokana na springi na namna vyuma viwili vinavyokutana kwenye sehemu ndogo sana.

Hapo ndipo tupa inapoleta balaa. Vyuma vingi vya aina hii vimekazwa juu tu, kama ugali ulioshika ganda. Ukisugua ukapita lile ganda, chini ni laini. Siku ya kwanza traiga itakuwa tamu kweli, na mzee atakusifu. Lakini kila risasi itazidi kulila lile jino, mpaka siku bunduki itaanguka sakafuni au itaegemezwa ukutani kwa nguvu, na italia bila mtu kuigusa. Wanaojua kazi hii hawachezi nayo. Hata kwenye Olimpiki, traiga ya bastola ya mita 25 hupimwa, na isipoweza kuhimili uzito wa gramu 1,000 mchezaji haruhusiwi kuitumia.

Na usidanganywe na udogo wa risasi yenyewe. Ina upana wa milimita 5.6 hivi, lakini inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Kutoka bandani kwako, hapo katikati kuna soko, shule na watoto wa watu.

Sasa, sisemi hivi kudharau mikono ya Ukambani. Mikono hii imejulikana tangu zamani. Wahunzi wetu walifua vichwa vya mishale na kusuka minyororo myembamba ya kuvaa. Halafu kuna Mutisya Munge wa Wamunyu, hapa hapa Machakos. Alienda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vita vya bunduki na mizinga. Alichorudi nacho nyumbani kilikuwa ufundi wa kuchonga mbao. Vile vinyago vya twiga na ndovu unavyoviona vikiuziwa watalii mpaka Mombasa vina mizizi kwake. Kijiji kizima kilipata kazi kwa sababu ya patasi ya mtu mmoja.

Kama unapenda bunduki kama mashine, hiyo si dhambi. Njia ipo. Jeshi na polisi wana mafundi wao wa silaha. Eldoret kuna kiwanda cha serikali cha kutengeneza risasi, na mwaka 2021 serikali ilifungua kiwanda cha bunduki ndogo huko Ruiru. Kazi hizo zinataka mtu anayejua kusoma mchoro, kupima kwa sehemu ya milimita na kukaza chuma kwa moto. Hayo yote unaweza kuanza kuyasomea kwenye chuo cha ufundi, ukitumia gia na pampu za maji.

Turudi bandani. Mzee bado amesimama, gunia liko wazi, wateja wengine wanachungulia. Usimkaripie, na usijifanye hujui kazi.

"Mzee wangu, hii siwezi kuishika hata dakika moja. Ifunge tu. Kama una cheti, ipeleke kwa muuzaji aliyesajiliwa, yeye ana fundi wake."

Na kama hana cheti? Mwambie aone wakili, kisha aisalimishe polisi. Usijitolee kumbebea, maana ukikutwa nayo njiani, mwenye bunduki ni wewe.

Atanuna, pengine wiki nzima. Lakini panga lake bado litahitaji kunolewa na toroli lake kuchomelewa. Atarudi, na wewe atakukuta hapo bandani.