Mvumo wa Gitaa la Besi Kanisani: Chanzo Chake, Tiba Yake na Hatari Iliyojificha

Waamini wamekwisha kupokea Komunyo Takatifu, padre ameketi, na kwaya imemaliza wimbo wa shukrani. Huu ni mmoja wa nyakati ambazo Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, katika namba 45, huzitaja kuwa za ukimya mtakatifu, ili kila mmoja amsifu Mungu na kumwomba moyoni mwake. Lakini katika makanisa yetu mengi, mara tu sauti za waimbaji zinapokoma, unasikika mvumo mzito usiokatika kutoka upande wa kwaya, mfano wa mashine ya kusaga iliyo ng'ambo ya mto. Mpiga besi amekwisha kuweka mikono yake magotini, ilhali chombo chake kinaendelea kuimba peke yake. Ndivyo inavyokuwa pia wakati wa Sala ya Ekaristi, ingawa namba 32 ya Maelekezo hayohayo inataka kinanda na vyombo vingine vinyamaze padre anaposali sala zilizo zake.

Tumeona vema kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya liturujia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 120, uliruhusu vyombo vingine mbali na kinanda cha mabomba, mradi vinafaa kwa ibada au vinaweza kufanywa vifae. Maneno hayo ya mwisho huelezwa daima kuhusu namna ya kupiga. Sisi tunadhani yanahusu pia bisibisi na risasi ya kulehemu. Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo tutaifikia mbele.

Mvumo huo ni nini hasa? Umeme wa nyumbani na kanisani hubadili mwelekeo wake huku na huko mara 50 kwa kila sekunde. Uzi mnene kuliko yote wa besi ya nyuzi nne, yaani E, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na uzi wa A mara 55. Umeme basi huangukia katikati ya nyuzi hizo mbili, karibu kabisa na noti ya G inayopigwa kwenye kizuizi cha tatu cha uzi wa E. Ndiyo maana wimbo ukiwa na do katika G mvumo hujificha ndani yake, na mwalimu wa kwaya akipandisha wimbo nusu hatua tu, kila mtu anasikia kuna jambo lisilopatana.

Umeme huingia katika gitaa kupitia pikapu, kile kipande chenye sumaku kilicho chini ya nyuzi. Ndani yake mna uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa gitaa unapotetemeka juu ya sumaku, huzaa umeme mdogo sana katika shaba ile, na amplifaya huukuza. Tatizo ni kwamba shaba hiyo haichagui. Hupokea mtetemo wa uzi, na hupokea vilevile mawimbi ya transfoma, ya taa za mrija, ya chaja ya simu iliyochomekwa nyuma ya mimbari. Mwaka 1955, Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, alibuni pikapu yenye mizingo miwili iliyozungushwa kinyume na kuwekewa sumaku zinazopingana. Mvumo wa mzingo mmoja huufuta wa mwingine, na sauti ya nyuzi hubaki. Besi nyingi zenye pikapu mbili za mtindo wa Jazz Bass ya Fender zimetengenezwa kwa kanuni hiyohiyo: pikapu zote mbili zikifunguliwa kwa kiwango kimoja, mvumo hupungua sana, ukipunguza mojawapo, hurudi. Kwa hiyo tiba ya kwanza haina gharama yoyote. Mpiga besi afungue volyumu zote mbili sawasawa, asikilize.

Hilo lisipotosha, itafutwe asili ya kelele kabla ya kununua chochote. Afunge volyumu ya gitaa kabisa. Mvumo ukikoma, chanzo kiko katika gitaa au katika kile linachokinasa hewani. Ukibaki vilevile, gitaa halina kosa, na fundi atazame waya, amplifaya na umeme wenyewe. Mara nyingi mkosaji ni waya. Tumeona kwaya zikitumia waya wa spika kuunganisha gitaa, kwa kuwa ncha zake hufanana na za waya wa gitaa. Waya wa spika ni nyuzi mbili tu zilizolala pamoja. Wa gitaa una uzi mmoja katikati uliofunikwa pande zote na wavu wa shaba, na wavu huo ndio ngao yake. Kubadili waya huo kumeponya besi nyingi zilizokuwa zimehukumiwa kuwa mbovu.

Volyumu ikiwa wazi, mpigaji ageuke polepole mahali alipo. Kama mvumo unapanda na kushuka kadiri anavyogeuka, pikapu inanasa mawimbi ya kifaa fulani kilicho karibu, na pengine kusogea mita mbili kutoka kwenye amplifaya kunatosha. Baada ya Misa azime taa moja baada ya nyingine, maana taa za LED za bei rahisi na inveta za sola hutoa mlio mkali wa kama nyuki, tofauti na ule mvumo wa chini. Kisha aguse nyuzi kwa mkono. Mlio ukipungua anapogusa, maana yake mwili wake ulikuwa ukibeba kelele kama antena, na sasa nyuzi zinaipeleka kwenye ethi ya chombo; gitaa hilo linahitaji ngao. Tundu lenye vitufe na pikapu lipakwe karatasi ya shaba yenye gundi, vipande vyote vigusane, na viunganishwe na mgongo wa kitufe cha volyumu, pasipo kugusa waya unaobeba sauti. Kama mguso haubadili lolote, au unazidisha kelele, huenda uzi wa ethi unaotoka chini ya daraja la gitaa umekatika. Gitaa likiwa limechomolewa kabisa, mita iwekwe kati ya daraja na sehemu ya nje ya tundu la jeki: isome karibu na sifuri. Isiposoma hivyo, tone moja la risasi linamaliza kazi. Mikwaruzo inayosikika kitufe kikizungushwa ni vumbi tu, nayo huisha kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia vifaa vya umeme.

Kuna mvumo mwingine unaozaliwa pale amplifaya ya besi inapochomekwa ukutani upande wa kwaya, na miksa kuchomekwa sakristia, kisha waya wa sauti ukaviunganisha. Ethi za pande hizo mbili hazilingani kamwe, na tofauti yake husafiri ndani ya waya wa sauti. Tiba ni kuvilisha vyote kutoka soketi moja, au kupitisha sauti katika kile kisanduku kidogo chenye transfoma ambacho mafundi hukiita di-ai.

Hapa ndipo tunapofikia sababu ile ya pili. Wako wanaojua njia ya mkato: kukata mguu mrefu wa plagi, ule wa ethi, au kutumia plagi ya miguu miwili na kusukumia kalamu au kijiti katika tundu la juu la soketi ili ikubali kuingia. Mvumo wa namna hii hukoma papo hapo, na aliyefanya hivyo husifiwa. Lakini ameondoa kitu pekee kilichokuwa kati ya mpigaji na umeme. Amplifaya ikivujisha umeme ndani, chuma chake hushika umeme huo, na kutoka hapo hupita katika wavu wa waya, kwenye daraja, kwenye nyuzi, hadi vidoleni. Ethi ingeupeleka ardhini na kukata fyuzi. Pasipo ethi unamsubiri mtu atakayeufungulia njia, na mpiga besi anayeitikia wimbo hufanya hivyo midomo yake inapogusa kipaza sauti, ambacho chuma chake kimeunganishwa na ethi ya miksa. Njia hiyo hupita kifuani. Sakafu iliyopigwa deki asubuhi ya Jumapili huzidisha hatari.

Kwa hiyo, mguu wa ethi usikatwe kwa sababu yoyote. Kitufe cha kutenganisha ethi kilichoko kwenye di-ai hutenganisha ethi ya sauti pekee, nacho ni halali. Plagi iachwe kama ilivyotengenezwa. Ekstensheni nazo zifunguliwe na kutazamwa, kwani baadhi huuzwa zikiwa na matundu matatu lakini nyaya mbili ndani. Na halmashauri ya parokia, inapopanga bajeti ya vyombo, ianze na kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, kinachopimwa miliampia 30. Bei yake ni ndogo kuliko ya spika yoyote.

Katika kigango kimoja tulichokitembelea, mpiga besi kijana alitueleza kwamba midomo yake ilikuwa ikichomwa kama kwa pilipili kila alipoitikia kiitikio, naye alidhani ni kipaza sauti kichafu, akawa anakifunga kwa leso. Fundi umeme mwenye leseni alipofungua soketi ya upande wa kwaya hakukuta waya wa ethi hata kidogo. Tundu la tatu lilikuwa pambo. Alichimbia fimbo ya shaba nje ya ukuta, akavuta waya hadi ndani, akabadilisha plagi iliyokatwa mguu, akapima kati ya nyuzi na kipaza sauti mpaka mita ikasoma sifuri. Mvumo haukwisha wote, maana besi ile ni ya zamani na bado inangoja karatasi yake ya shaba. Jumapili iliyofuata kijana aliimba akiwa ameacha upana wa kiganja kati ya midomo yake na kipaza sauti, na ilipofika Mtakatifu alikuwa amekwisha kuifungua ile leso.