Je, Wajua? Sumaku Hupanga Hata Kisicho Chuma

Je, wajua kwamba hakuna kitu kisichoisikia sumaku? Msumari huvutwa waziwazi. Maji, mbao na nta husukumwa, ila kwa nguvu ndogo mno hata jicho halitambui. Michael Faraday aliigundua tabia hiyo jijini London mwaka 1845.

Je, wajua kwamba chura aliwahi kuelea hewani kwa nguvu ya sumaku? Mwaka 1997, huko Nijmegen, Uholanzi, Andre Geim na wenzake walimweka chura hai katika uga sumaku wa takriban tesla 16. Maji ya mwilini mwake yalisukumwa hadi msukumo ukalingana na uzito wake, akaelea.

Je, wajua kwamba mpangilio wa molekuli huamua mwendo wa umeme? Zipo molekuli za kaboni zilizo bapa kama sahani. Zikipangwa moja juu ya nyingine, umeme hupita kwa wepesi kufuata rundo. Zikikaa ovyo, umeme husuasua. Ndiyo maana watengenezaji wa transista za kaboni hujali sana namna utando wa molekuli hizo unavyojijenga, ingawa huweza kuwa na unene wa makumi ya nanomita tu. Unywele una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Je, wajua kwamba sumaku huweza kuzisimamisha sahani hizo? Elektroni huzunguka kwenye pete za kaboni. Uga ukipenya uso wa sahani, elektroni huupinga. Sahani ikisimama sambamba na uga, upinzani hupungua. Kwa hiyo sahani hugeuka. Molekuli moja peke yake haiwezi, kwa kuwa mtikisiko wa joto huishinda. Zikishikamana kwa maelfu, hugeuka pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Je, wajua kwamba siri ya kuzipanga sahani hizo iko kwenye wakati? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, tena kutoka Nijmegen, myeyusho wa molekuli zenye kiini cha atomi 42 za kaboni uliachwa ukauke ndani ya uga wa tesla 20, zaidi ya mara 300,000 ya uga wa dunia. Marundo yalielekea upande mmoja, na transista za utando huo zikapitisha umeme vizuri zaidi kwa kuyafuata kuliko kwa kuyakata. Utando ukishakauka, sumaku yaweza kuondolewa, mpangilio hubaki.