Katika Sinema za Sayansi, Kosa Gani Halisameheki?

Ziko sinema ambazo kazi yake ni kutupeleka tusikopata kufika: mwezini, kwenye nyota, au katika miaka watakayoiona wajukuu wa wajukuu zetu. Watu wengi huzidharau. Husema kwamba ni michezo ya watoto, na kwamba mfanyakazi aliyetoka zamu hana haja ya kuumiza kichwa chake kwa habari za roketi. Sisi hatuafikiani na rai hiyo. Twaona kwamba katika sinema za namna hii mtungaji husema, waziwazi kuliko mahali pengine, anavyodhani binadamu ni kitu gani na anakokwenda. Mtu anayetuambia sisi ni nani na twaelekea wapi hafai kuachwa aseme tu bila kuulizwa.

Hapo ndipo ubishi unapozuka. Wako wasemao kwamba sinema ya kubuni yapaswa kuwa sahihi kama kitabu cha shule, nao hukaa gizani wakihesabu makosa. Wako na wengine wasemao kwamba hadithi ni hadithi: mbona sungura husema na fisi, na hakuna mtoto aliyesimama kuuliza sungura alipata wapi ulimi? Kila upande una haki yake, lakini haki hizo hazilingani. Sisi twapima hivi. Kosa lisilobeba kitu laweza kusamehewa. Kosa ambalo wazo zima la sinema limeegemea juu yake halisameheki.

Tutoe mfano wa karibu. Tuseme kijana mmoja atengeneza sinema katika ufuko wa Bagamoyo, na katika sinema hiyo mwezi mpevu wachomoza juu ya bahari, na maji hayajai wala hayapwi kwa kadiri ya kuonekana. Mvuvi yeyote atacheka. Yeye ajua kwamba mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, kwa sababu siku hizo jua na mwezi huvuta maji katika mstari mmoja, hata tofauti ya kujaa na kupwa hufika yapata mita 3 katika pwani yetu. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, wakati jua na mwezi zinapovuta kila kimoja upande wake. Ikiwa mwezi ule ni pambo tu, mvuvi atacheka kisha ataendelea kutazama. Lakini ikiwa shujaa wa hadithi ameokoka kwa sababu bahari ilitulia usiku ule, basi kwa mvuvi huyo shujaa amekwisha kufa.

Kwa kipimo hicho na tuitazame sinema inayosifiwa kupita zote za aina yake, yaani 2001: A Space Odyssey, iliyotolewa mwaka 1968 na Stanley Kubrick, ambaye aliitunga pamoja na mwandishi Arthur C. Clarke. Kubrick aliajiri watu waliokuwa wamefanya kazi katika shirika la anga la Marekani, na matunda yake yaonekana. Vyombo vyake huenda angani kimya, kwa kuwa mahali pasipo hewa hapana sauti. Chombo huzunguka ili waliomo wapate uzito bandia wa kukanyagia sakafu. Hayo yote ni kweli, nayo yalioneshwa mwaka mmoja kabla binadamu hajatua mwezini. Katika Star Wars ya mwaka 1977 vyombo hunguruma angani kama malori ya mizigo. Sisi twasamehe, kwa maana ile ni hadithi ya falme na panga, na hakuna wazo lililotundikwa juu ya mngurumo ule.

Lakini sinema ya Kubrick haianzii angani. Yaanzia Afrika, zamani sana, kwa viumbe nusu nyani nusu watu wanaofundishwa na nguvu ya kigeni kushika mfupa. Mfupa huo wawa silaha, silaha hiyo yaua mnyama, kisha yaua mwenzao. Na kwa kuua huko, ndipo mtu aanzapo kuwa mtu. Hili ndilo wazo linaloibeba sinema nzima. Lilitoka kwa mtaalamu Raymond Dart wa Afrika Kusini, aliyeona mifupa iliyovunjika mapangoni akasema kwamba babu zetu walikuwa wauaji, na likaenezwa na mwandishi Robert Ardrey katika kitabu chake cha mwaka 1961. Wataalamu waliokuja baadaye waliichunguza mifupa ya mapango hayo upya. Mmoja wao, C. K. Brain, alionesha katika kitabu chake cha mwaka 1981 kwamba mifupa mingi ilikuwa na alama za meno ya chui na fisi. Wale waliodhaniwa wauaji walikuwa chakula.

Nasi Watanzania tuna la kusema zaidi katika jambo hili, maana ushahidi umo katika ardhi yetu. Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, Mary Leakey aliliona fuvu la miaka milioni 1.75 ambalo lilipewa jina la Zinjanthropus, kutokana na neno Zinj ambalo Waarabu wa kale waliita pwani yetu hii hii. Zana za mawe zilizofukuliwa katika bonde hilo ni za kukatia na kupondea: kuchuna nyama, kupasua mifupa ili kupata uboho. Kule Laetoli, mwaka 1978, zilifukuliwa nyayo za viumbe waliotembea wima pamoja juu ya jivu la volkano, miaka milioni 3.6 iliyopita. Hatusemi kwamba wazee hao hawakupigana kamwe. Twasema kwamba kisu cha kugawia nyama ni ushahidi wa namna nyingine kabisa, na mtungaji angeweza kukifanya kuwa mwanzo wa utu kama angalikitafuta. Fuvu la Olduvai lilikuwa limekwisha kutangazwa duniani miaka tisa kabla ya sinema hiyo.

Tena kuna jambo dogo linalotuchekesha na kutuudhi kwa wakati mmoja. Mnyama anayechungwa na kuuawa na viumbe wale wa Afrika ni tapiri, mnyama wa pua ndefu ambaye makao yake ni Marekani ya Kusini na Kati, na kusini mashariki ya Asia. Afrika hakupata kuishi. Basi watu waliohangaika mpaka wakapata ukimya wa anga, hawakumuuliza mtu yeyote katika bara zima ni mnyama gani aishiye humo. Ikiwa ni pambo, tungesamehe. Lakini kosa la tapiri na kosa la mfupa yana mzazi mmoja. Anga lilichunguzwa, Afrika ilikisiwa.

Kuna wanaodhani kwamba sayansi ya nyota ni mali ya mataifa makubwa peke yake, na kwamba pwani yetu huipokea kama mtumba. Na wasikilize habari hii. Katika ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Waitalia walisimamisha majukwaa baharini, na tangu mwaka 1967 mpaka 1988 walirusha roketi kutoka hapo. Mahali palichaguliwa kwa akili: ni jirani na Ikweta, ambako dunia hujizungusha kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi irushwayo kwa upande huo hupata msukumo wa bure; tena mbele yake ni bahari tupu, ikianguka haiangukii nyumba ya mtu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliruka kutoka hapo setilaiti ya Marekani ambayo, kwa sababu ya siku hiyo, iliitwa Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutazama miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Miale hiyo haifiki chini, kwa kuwa hewa huizuia, kwa hiyo haionekani ila kwa chombo kilicho juu. Kwa msaada wa Uhuru wataalamu walikitazama kitu kiitwacho Cygnus X-1, na ikawa ndicho cha kwanza kuaminiwa na wengi kuwa shimo jeusi: mabaki ya nyota kubwa iliyojisonga ndani hata mwanga hauwezi kutoka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa hiyo mtu anayekaa leo kuitazama sinema ya Interstellar ya mwaka 2014, na kulishangaa shimo jeusi lililozungukwa na pete ya moto, ajue kwamba elimu ile ilipita katika mawimbi ya Malindi kabla haijafika Hollywood.

Na Interstellar yenyewe yastahili sifa mahali pamoja. Picha ya shimo lile ilichorwa kwa hesabu za mtaalamu Kip Thorne, na picha halisi ya kwanza ya shimo jeusi ilipotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, pete ya mwanga ilikuwapo. Katika sinema hiyo saa moja ya sayari iliyo karibu na shimo ni sawa na miaka saba ya duniani. Baba arudi chomboni akute watoto wake wamekua kupita umri wake wa malezi. Hakuna uchawi hapo. Mvutano mkubwa huchelewesha wakati, ndivyo alivyoonesha Einstein. Kwa sababu jambo ni la kweli, machozi ya baba yule nayo ni ya kweli, na swali lake ni swali la kila mfanyakazi aendaye mbali kutafuta riziki: je, muda ninaowauzia wengine watoto wangu wataulipa vipi? Mwisho wa sinema, mapenzi yapewa nguvu kama za sumaku. Hapo sisi tuliona usingizi.

Tugeuke sasa kwa jirani zetu. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza sinema fupi ya dakika ishirini na kitu, akaiita Pumzi. Ni miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vilivyopiganiwa maji. Watu waishi ndani ya mji uliofunikwa. Jasho na mkojo wao husafishwa na kunywewa tena, na umeme hupatikana kwa watu kuendesha mashine kwa miguu. Nje, wakubwa wasema, ardhi imekufa. Binti mmoja, Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho, apelekewa udongo ulio hai. Baraza lamkatalia kutoka. Atoka, kwa msaada wa mwanamke msafishaji, akiwa na mche mmoja na maji kidogo.

Na tuipime. Kuyasafisha maji ya mwili si ndoto: katika kituo cha anga cha kimataifa kazi hiyo hufanywa, na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba asilimia 98 ya maji yaliweza kurudishwa. Umeme wa miguu ni jambo dhaifu zaidi. Mtu mwenye nguvu, akikanyaga kwa muda mrefu, hutoa yapata wati 100, na misuli hutumia chakula kingi kuliko kazi inayozaa. Mji hauwezi kuishi kwa hesabu hiyo. Lakini Kahiu hakuziweka mashine zile kuwa sifa ya ufundi. Aliziweka kuwa jasho la lazima la wanyonge, na wazo lake lasimama hata wati zikipungua. Mti unaoota mwishoni kutoka mwilini mwa Asha ni ishara, wala hakuna atakayeuhesabu.

Nguzo ya sinema hiyo ni jambo moja: kwamba uhai waweza kuwapo mahali ambapo taarifa ya ofisini imeandika haupo. Nguzo hiyo ni imara. Mwaka 2005 wataalamu waliotesha mtende kutoka kokwa iliyochimbwa Masada, yenye umri wa miaka ipatayo elfu mbili. Asha, basi, hakuwa mwendawazimu. Aliomba apewe nafasi ya kupima, akanyimwa. Swali la Pumzi ni nani mwenye haki ya kusema jambo limekwisha kujulikana.

Haya twayaandika tukiifikiria Bagamoyo. Mji huo una chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa, na vijana wake hujifunza ngoma, muziki, maigizo na hata utengenezaji wa filamu. Husikia kwamba sinema ya sayansi yataka mamilioni ya dola na mitambo ya Hollywood. Pumzi haikuwa hivyo. Kaole ipo pale karibu, mji wa mawe wa karne nyingi ambao wazee husimulia kwamba bandari yake iliingiwa na mchanga na mikoko, biashara ikahamia Bagamoyo. Mji uliokufa kwa sababu ya pwani kubadilika hauhitaji kujengwa kwa mbao na rangi.

Na yapo maji. Mto Ruvu hutoka milima ya Uluguru na kuingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Katika wilaya hiyo uko mtambo wa Ruvu Chini, uliojengewa uwezo wa kutoa lita milioni 270 kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo huenda Dar es Salaam. Oktoba 2022 mto ulipungua kwa ukame, na jiji likaanza kugawiwa maji kwa zamu. Tuseme sasa kijana wa chuo aandika sinema ya mwaka 2070, ambamo mashine yenye akili imepewa kazi ya kuugawa Ruvu. Ihesabu nini kwanza? Vichwa vya watu wa jijini, au mashamba ya walio juu ya mto? Au mikoko iliyo mdomoni mwa mto, ambayo maji matamu yakipungua chumvi huizidi, na kamba na samaki wadogo huondoka nayo? Na mwanakijiji ambaye bomba kubwa lapita mbele ya mlango wake, akitaka kubishana na mashine hiyo, abishane nayo kwa lugha gani, na mbele ya nani?

Kijana huyo hawezi kuyaandika hayo kwa kukisia. Yampasa ajue mto hushuka kiasi gani mwezi wa Oktoba, pampu zataka kina gani, na chumvi hupanda mpaka wapi bamvua linapoingia. Wahandisi wa mtambo wajua sehemu moja, wavuvi wajua nyingine, na kutoka chuoni mpaka kwao si safari ya kutwa.