Pilipili ya Unga: Usikimbilie Kusaga

Wengi mmeniuliza kama pilipili ya kusaga inalipa. Inalipa, ila inataka subira. Mimi mwenyewe iliniadhibu.

Mara ya kwanza nilipojaribu hapa Milepa, pilipili kichaa zangu zilionekana kavu kabisa. Nikasaga, nikafunga kwenye pakiti, nikapandisha Sumbawanga mjini. Wiki mbili baadaye mama ntilie mmoja akanirudishia pakiti yake: unga umeganda mabonge na una ukungu. Nikarudisha hela za watu, mzigo wote nikaufukia.

Kosa langu? Ngozi hukauka mapema, lakini penye kikonyo na mbegu unyevu hubaki. Humo ukungu huota, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo sio suala la hela tu.

Sasa nafanya hivi:

1. Navuna zilizoiva nyekundu tupu. Zilizooza au kutobolewa na wadudu natupa.

2. Naosha, nachuja maji. Zile kubwa napasua katikati.

3. Naanika juu ya kichanja, sio chini, na kufunika kwa wavu. Huku bondeni jua la kiangazi linatosha. Ninyi wa juu Ufipa, umande ni adui: ingizeni ndani kila jioni.

4. Napima kwa kuvunja. Ikikunjika, bado. Ikivunjika kwa mlio na mbegu zikicheza ndani ukiitikisa, tayari. Nachukua kutoka pande zote za kichanja, sio moja tu.

5. Natoa vikonyo, nasaga kwa kinu au mashine ndogo ya viungo. Mashine ya mahindi achana nayo, utagombana na majirani ugali wao ukiwasha! Vaa barakoa, miwani na glovu. Mikono ikiwasha, paka mafuta ya kula kwanza, kisha osha kwa sabuni.

6. Naacha unga upoe, nafunga pasipopita hewa, naweka mbali na jua lisipaushe rangi.

Ukitaka kuingia madukani, pita SIDO wakushauri kuhusu vifungashio, halafu fuatilia alama ya ubora TBS.

Anza na kilo chache. Siku mbili zaidi juani ni nafuu kuliko kufukia mzigo. Kazi njema!