Ba be bi bo bu hazitoshi

Mwaka 2003 Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, na wenzake wawili walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya waliokuwa wakimaliza mwaka wao wa kwanza wa kujifunza kusoma. Kila mtoto alipewa maneno ya kawaida ya lugha yake mwenyewe. Watoto wa Finland walisoma sawasawa maneno 98 katika kila 100. Wajerumani, Wagiriki na Wahispania nao walivuka 90. Watoto wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, waliambulia 34. Ni kweli kwamba wao walianza shule wakiwa wadogo kuliko wenzao, lakini hata baada ya mwaka wa pili walikuwa bado hawajawafikia.

Chanzo kikubwa ni tahajia. Kifini huandikwa kama kinavyotamkwa. Kiingereza kina herufi zilizonyamaza, na kina sauti moja inayoandikwa kwa njia nne au tano. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti ule, ila kwa tahajia yake kingekaa jirani na Kifini: "a" ni "a" popote uikutapo, na mtoto aliyekwisha kuzijua silabi anaweza kutamka neno ambalo hajapata kulisikia maishani mwake.

Kwa hesabu hiyo, mtoto wa Tanga au Kwale angepaswa kumaliza darasa la kwanza akisoma bila shida. Sivyo ilivyo. Mwaka 2010 wapimaji wa mpango wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba Tanzania wakiwa na karatasi za silabi, maneno, aya na hadithi fupi, waligundua kwamba mtoto mmoja kati ya watano wanaomaliza shule ya msingi hawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Hadithi yenyewe ni ya sentensi chache tu.

Nadhani urahisi wa tahajia yetu umetudanganya. Umetufanya tuone kusoma ni jambo la kuzikariri silabi, kisha mengine yatajileta yenyewe.

Hizo silabi zenyewe si nyepesi kama tunavyofikiri. Mwaka 1979 José Morais na wenzake waliwaomba watu wazima wa Ureno wasiojua kusoma waondoe sauti ya kwanza ya neno na kutamka kilichobaki. Wengi walishindwa, ilhali majirani zao waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Kumbe uwezo wa kusikia "b" peke yake ndani ya "ba" hauji tu kwa kuzungumza lugha. Kwa sehemu kubwa ni zao la kufundishwa herufi. Mtoto anayeingia darasa la kwanza anasikia silabi nzima, na ndiyo maana "ba be bi bo bu" inamwingia haraka. Kazi huanza konsonanti zinapoongozana. Mwambie aandike "mbuzi", ataandika "buzi". "Ng'ombe" hugeuka "gombe". Katie Alcock wa Uingereza na Damaris Ngorosho wa Tanzania walichunguza makosa ya namna hii katika maandishi ya watoto wa shule, na katika makala yao ya mwaka 2003 wakahitimisha kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia nyoofu si kazi ya mchezo.

Kuna mtego mwingine ambao sisi wakubwa hatuuoni kwa sababu tumeshauzoea. Soma "mtu mbaya", kisha soma "nyumba mbaya". Herufi ni zile zile, lakini katika "mtu mbaya" ile "m" ni silabi kamili inayosimama peke yake, m-ba-ya. Katika "nyumba mbaya" imeungana na "b", mba-ya. Karatasi haisemi lolote kuhusu tofauti hiyo. Anayeijua ni mtoto aliyekwisha kuizoea lugha masikioni na mdomoni, na asiyeizoea atakwama hata kama silabi zote anazo.

Sasa tazama namna silabi zinavyofundishwa. Mwalimu anagonga ubao kwa fimbo: "ba!" Darasa zima linajibu: "ba!" Wakifika mstari wa nne, mtoto wa nyuma hatazami ubao tena, anafuata sauti za wenzake, na hakuna atakayemgundua. Mgeni akiingia atasifu jinsi watoto wanavyosoma. Zipange silabi zile zile ovyo, "bo, ki, ta, be", umwite mmoja mmoja, na nusu ya sifa zile zitayeyuka.

Ubongo nao una yake. Kusoma ni uvumbuzi wa juzi juzi tu, wa miaka elfu chache, kwa hiyo hatukuzaliwa na sehemu iliyotengwa kwa ajili ya herufi. Stanislas Dehaene na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2010, waliwaweka watu wazima wa Brazil na Ureno kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo: waliosoma tangu utoto, waliojifunza ukubwani, na wasiojua kabisa. Waliona kwamba eneo dogo upande wa kushoto, nyuma chini, linalotambua vitu kama nyuso, hujifunza pia kutambua maandishi, na kadiri mtu alivyokuwa hodari wa kusoma ndivyo lilivyoyaitikia zaidi. Hata walioanza wakiwa watu wazima walionyesha mabadiliko hayo. Mabibi na mababu waliokaa kwenye madawati ya kisomo cha watu wazima miaka ya 1970 hawakuwa wanapoteza muda.

Eneo hilo linanolewa kwa kurudia kusoma, na hapo ndipo kasi inapoingia. Mtoto anayevuta silabi moja moja, "ha... tu... ta... wa... a... mbi... a", akifika mwisho wa neno ameshasahau lilivyoanza, na akifika mwisho wa sentensi hana sentensi. Kiswahili kinamtwika mzigo wa pekee, maana neno letu moja linabeba kiima, wakati, kanusho na mtendwa kwa pamoja. Ndiyo sababu ni kosa kuwapima watoto wetu kwa idadi ya maneno kwa dakika iliyowekwa kwa ajili ya Kiingereza. Kenya imelizingatia hilo: msomaji mzuri wa darasa la pili anatarajiwa kufikisha maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, na 45 kwa Kiswahili.

Lakini kasi bila maana ni kelele tu. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walipendekeza kanuni fupi ambayo watafiti wanaitumia hadi leo: kuelewa unachosoma ni uwezo wa kutamka maandishi ukizidishwa kwa uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Wamesema kuzidisha, hawakusema kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande wa pili ungekuwa mia.

Watu wa pwani hawahitaji maabara kulielewa hilo. Mtoto wa chuoni, yaani madrasa, anaanza na alifu, anapanda kwa irabu, na baada ya muda anahitimisha juzuu kwa matamshi yanayomtoa machozi mzee wake, bila kujua maana ya aya anayoisoma. Kusoma Kurani kuna makusudi na thawabu zake, na hakuna anayejidanganya kwamba mtoto yule amejua Kiarabu. Ajabu ni kwamba shuleni tunajidanganya hivyo hivyo kila siku. Kijana wa Tanzania anaingia kidato cha kwanza, anafunguliwa kitabu cha baiolojia cha Kiingereza, anausoma ukurasa kwa sauti hadi nukta ya mwisho, naye mwalimu anaandika kwamba kipindi kimeeleweka.

Yapo yaliyojaribiwa yakafaa. Nitataja moja kwa urefu kidogo. Kati ya mwaka 2010 na 2012, shule 101 za pwani ya kusini ya Kenya, upande wa Kwale na Msambweni, ziliingia katika utafiti uliojulikana kama HALI. Baadhi ya shule zilipimiwa watoto malaria na waliokutwa nayo wakatibiwa. Katika baadhi, walimu wa madarasa ya chini walipewa mafunzo, kitabu chenye masomo yaliyopangwa hatua kwa hatua, na kila wiki ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Upimaji wa malaria haukuonyesha faida katika masomo, jambo lililowashangaza wengi. Masomo yale na ujumbe wa simu ndivyo vilivyozaa matunda: watoto walisoma vizuri zaidi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na walioacha shule wakapungua kutoka asilimia 5.3 hadi 2.1. Sioni ajabu katika hilo la mwisho. Mtoto asiyeelewa kinachoendelea darasani ana sababu gani ya kurudi kesho?

Fedha peke yake hazifanyi kazi hiyo. Jaribio kubwa lililofanyika katika shule 350 za Tanzania mwaka 2013 na 2014 lilionyesha kwamba shule zilizopewa ruzuku tu hazikupandisha alama za wanafunzi. Zilipanda pale ruzuku ilipoambatana na bonasi kwa walimu kulingana na matokeo. Vishikwambi navyo vimejaribiwa, katika vijiji vya Tanga, kwa programu za Kiswahili zilizoshindania tuzo iliyotolewa mwaka 2019. Wengi wa watoto wale hawakuwa wamewahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilishuka hadi nusu hivi. Ni hatua kubwa, ila nusu iliyobaki ilihitaji mtu.

Mzazi mwenzangu, mtu huyo unaweza kuwa wewe, na huhitaji kuwa umesoma sana. Jioni hii mpe mwanao ukurasa ambao hajapata kuuona, usiwe ule wa kitabu cha shule aliokwisha kuukariri. Mwache ausome kimya. Kisha funga kitabu umwulize kimesemwa nini humo, nani alimfanyia nani nini, na yeye angefanyaje. Akikujibu, mtafutie kitabu kingine. Akikutazama tu, kesho nenda shuleni ukazungumze na mwalimu wake, wala usisubiri matokeo ya darasa la saba.